Hatua za Kumfundisha Mtoto wa Miaka 6 Hadi 8 Kukokota Mpira, Kutoa Pasi na Kutuliza

Karibuni, ndugu watazamaji. Video hii imeandaliwa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi, wazazi, na vijana wanaojitolea kuwafundisha watoto soka mitaani. Tutafuatana na watoto 12 katika uwanja wa vumbi jijini Dar es Salaam, kuanzia saa moja na nusu asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa kipindi kimoja cha dakika 45. Katika kila hatua mtakayoiona nimezingatia jambo moja, nalo ni kwamba kila mtoto auguse mpira mara nyingi iwezekanavyo.

Nalisisitiza hilo kwa sababu nilipoanza kazi hii nilikuwa nikiwapanga watoto foleni moja mbele ya mpira mmoja, nikiamini kuwa utulivu wao ni dalili ya mafunzo mema. Hebu tupige hesabu. Ikiwa watoto ni 12 na kila zamu inachukua sekunde 20, zamu humrudia mtoto baada ya dakika 4, kwa hiyo katika dakika 12 za mazoezi mtoto huyo amecheza kwa dakika moja tu na dakika 11 zilizobaki amesimama akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Siku nilipoifanya hesabu hiyo niliacha foleni kabisa.

Tuanze na uwanja. Pimeni mraba wenye hatua 20 kila upande, kisha mtembee ndani yake mkiokota vipande vya chupa, misumari na mawe, kwa kuwa watoto wengi huja peku au na raba zilizochakaa. Kwenye pembe wekeni koni, na kama hamna, chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Msitumie mawe kuwekea alama, maana mtoto akianguka juu ya jiwe mazoezi yake yamekwisha siku hiyo.

Mpira unaowafaa watoto wa umri huu ni namba 3, wenye mzingo wa takriban sentimita 60. Mpira namba 5 wanaoutumia watu wazima una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450, na mtoto mdogo akipewa huo huupiga kwa ncha ya vidole, kwa sababu hana nguvu za kuusogeza kwa njia nyingine, na kosa hilo akilizoea huchukua muda mrefu kulisahau. Mipira ikipungua, tengenezeni ya matambara iliyokazwa kwa kamba, kama ile ya chandimu. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini tangu ilipopigwa marufuku nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019, nguo kuukuu na soksi zisizo na jozi ndizo zinazofanya kazi hiyo. Mpira wa matambara haudundi sana wala haubiringiki mbali, na kwa mtoto anayeanza hilo ni msaada mkubwa.

Hatua ya kwanza ni kuuzoea mpira. Kila mtoto asimame na mpira wake, aweke unyayo juu yake taratibu bila kuukandamiza, kisha abadilishe miguu, kulia na kushoto, kama anayepanda ngazi asiyofika mwisho wake. Baada ya hapo auvute nyuma kwa unyayo na kuusukuma mbele. Dakika 5 zinatosha.

Hatua ya pili ni kukokota. Waambieni watoto kwamba mpira ni mbuzi wao na mraba ni malisho, na kwamba mbuzi akienda mbali na mchungaji ataliwa. Mtoto atembee na mpira ndani ya mraba akiugusa kila baada ya hatua moja au mbili, kwa upande wa ndani na wa nje wa mguu, bila kugongana na wenzake. Mkipuliza filimbi, kila mmoja ausimamishe mpira kwa unyayo. Kisha inueni vidole juu, viwili au vinne, na watoto watamke hesabu huku wakiendelea kukokota. Mtazameni mtoto mwenye fulana ya kijani: mwanzoni ameinamisha kichwa na hauoni mkono wangu, lakini baada ya mizunguko michache anaanza kuinua macho kila anapougusa mpira. Huhitaji kumkaripia ili atazame mbele, kwa kuwa mchezo wenyewe unamlazimisha.

Sasa tufike kwenye pasi, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Wapangeni wawili wawili, wakitazamana kwa umbali wa hatua 4, na katikati yao wekeni kandambili mbili zilizoachana hatua moja, ziwe lango la kupitishia mpira. Mguu usiopiga, yaani mguu wa kuegemea, uwekwe pembeni mwa mpira kwa nafasi ya shubiri moja, na vidole vyake vielekee kwa mwenzake. Mguu unaopiga ugeuzwe nje, kifundo kikazwe, na upande wa ndani, ule wenye uvungu kati ya kisigino na kidole gumba, ukutane na mpira katikati yake. Baada ya kupiga, mguu uendelee kidogo kuelekea unakopelekwa mpira.

Pasi ikienda kombo, msiutazame mguu uliopiga. Utazameni kwanza mguu wa kuegemea, kwani mara nyingi vidole vyake vilielekea kwingine. Mpira ukiruka juu, mtoto ameupiga chini ya katikati au ameegemea nyuma. Mpeni sahihisho moja kwa wakati mmoja, kwa sauti ya kawaida, mkiwa mmechuchumaa mbele yake. Mtoto aliyepewa masahihisho matatu kwa pamoja hushindwa kufuata hata moja.

Anayepokea naye ana kazi yake. Autoe mguu mbele kuulaki mpira, na unapofika aurudishe nyuma kidogo, kama mtu anayepokea yai kwa kiganja, ili mpira ubaki karibu badala ya kugonga na kukimbia. Baada ya pasi kumi kwa mguu wa kulia, wahamie wa kushoto, hata kama wanalalamika.

Kupiga kwa kichwa sikufundishi katika umri huu. Marekani ilichukua hatua mwaka 2015 ya kuwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa, na Uingereza mwaka 2020 ilitoa mwongozo wa kuliondoa zoezi hilo kwa watoto wa shule za msingi, kwa kuhofia afya ya ubongo. Mtoto hapotezi chochote akisubiri.

Dakika 15 za mwisho ni za mechi. Wagaweni watatu kwa watatu katika viwanja viwili vidogo, magoli yawe ya upana wa hatua 2, na pasiwe na golikipa. Mitaani kwetu golini huwekwa mdogo kuliko wote, au yule anayeonekana mzito, au msichana pekee aliyekuja, naye hushinda asubuhi nzima bila kuugusa mpira; bila golikipa, wote wanacheza. Wakati wa mechi nyamazeni, mwache watoto waamue wenyewe wampe nani pasi, hata wanaposongamana wote juu ya mpira mmoja kama kuku kwenye punje.

Mwishoni wapeni maji, hesabuni mipira, kisha mpeni kila mtoto kazi ya nyumbani: pasi 20 ukutani kwa mguu wa kulia na 20 kwa wa kushoto, kila jioni, akisimama hatua 3 kutoka ukutani na kuutuliza mpira kila unaporudi. Jumamosi ijayo anzeni kipindi kwa mguu wa kushoto.