Ufa wa Pikseli Moja

Mhadhara kwa wanafunzi wa kompyuta, Kisumu

Walimu wangu, ndugu zangu wanafunzi, habari za jioni. Ahsanteni kwa kufika. Najua wengine mmetoka Maseno, na mvua ya leo si ya mchezo.

Nataka tuzungumze kuhusu ufa. Ulikuwa mwembamba, wa pikseli moja tu, yaani kitone kimoja kati ya vile vidogo vinavyounda picha ya skrini, na ulininyima usingizi kwa wiki tatu.

Kuna mama mmoja ana duka la agroveti karibu na soko la Kibuye. Nilimwandikia programu ya mauzo: chakula cha kuku, dawa ya kupe, mbegu za mahindi, bei, salio. Asubuhi moja akanipigia simu. "Mwanangu, hesabu iko sawa, lakini jedwali limepasuka." Nikaenda. Kweli, kati ya safu ya pili na ya tatu palikuwa na ufa wa kijivu, umenyooka kutoka juu hadi chini. Nikafungua laptopu yangu, programu ni ile ile, ufa hakuna.

Methali ya ufa na ukuta mnaijua. Mimi sikuuziba, niliupaka rangi. Niliweka rangi nyeupe nyuma ya jedwali, ufa ukafichika, nikaaga. Siku ya tatu simu ikalia tena. Mama akichagua bidhaa, ule mstari unaogeuka bluu ulikuwa unakatika vipande vipande. Ufa ulikuwa pale pale, sasa mweupe.

Hapo ndipo nilipomuuliza swali ambalo ningemuuliza siku ya kwanza: mama, umebadilisha nini? Akasema amenunua laptopu mpya, maandishi yake ni madogo, kwa hiyo kijana wake amemkuzia. Nikatazama mipangilio ya skrini. Asilimia 125.

Shikeni kalamu, hesabu hii ni fupi. Tuseme kila safu ina upana wa 5. Safu ya kwanza inaanzia 0, ya pili 5, ya tatu 10, ya nne 15. Zidisha kwa 1.25. Sasa zinaanzia 0, 6.25, 12.5 na 18.75, na kila moja ina upana wa 6.25. Lakini skrini haina robo ya pikseli, lazima ukadirie kwa namba nzima. Mianzo inakuwa 0, 6, 13 na 19. Upana unakuwa 6. Safu ya pili inaanzia 6, ukiongeza upana wake inaishia 12. Ya tatu inaanzia 13. Kati ya 12 na 13 hakuna mwenye kupachora. Huo ndio ufa wa mama, na hakuna rangi ya kuuponya, kwa sababu kosa liko kwenye kukadiria mara mbili: mwanzo peke yake, upana peke yake.

Na hesabu hiyo haikuwa kwenye msimbo wangu. Ilikuwa ndani ya zana ya kuundia madirisha niliyoitumia. Wengi wenu mmeanza na Tkinter, inayokuja pamoja na lugha ya Python na kusimama juu ya zana nyingine, Tk. Wengine mnatumia Qt, iliyoanzia Norway, au GTK, ambayo wanafunzi wa Berkeley kule Marekani waliiandika kwanza kwa ajili ya programu yao ya picha, GIMP. Kitufe, menyu, jedwali, upau wa kusogezea, vyote unavikuta tayari. Ndiyo maana kasoro moja mle ndani inaonekana kwa wakati mmoja kwenye duka la Kibuye, kwenye zahanati na kwenye ofisi ya chama cha ushirika, na kila mwandishi wa programu anaipaka rangi yake. Hili linanisikitisha sana. Msimbo chanzo wa zana hizi uko wazi, unaweza kuusoma usiku huu, lakini tunaupita kama nyumba ya mtu yenye mlango uliofungwa.

Basi nikaingia. Kwanza nilipunguza. Programu ya mama ilikuwa na maelfu ya mistari ya msimbo. Nikatoa hifadhidata, ufa upo. Nikatoa risiti, upo. Nikaendelea kukata hadi ikabaki mistari 30: dirisha moja, jedwali moja, safu nne tupu. Atakayesoma mistari 30 ataiendesha na kuuona ufa kwa macho yake. Ukimpelekea msimbo wa duka zima, ataweka kando.

Pili, nikagundua toleo la zamani la zana ile halikuwa na ufa. Kati ya matoleo yale mawili kulikuwa na mabadiliko karibu elfu moja. Msiogope elfu. Jaribu badiliko la katikati: likiwa zima, kosa liko mbele, likiwa na ufa, kosa liko hapo au nyuma. Kata nusu tena. Kwa mabadiliko 1,000 unafika baada ya majaribio kama 10, na Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, ina amri ya bisect inayokushikia hesabu. Kila jaribio lilinichukua karibu nusu saa kujenga zana upya, na umeme ulipotea mara mbili. Nilifika.

Badiliko lenyewe lilikuwa la mtu mwenye nia njema. Aliona upana unahesabiwa tena na tena, akaamua uhesabiwe mara moja na kutunzwa, ili uchoraji uwe mwepesi. Nilipoandika ripoti nilimshukuru kwanza kwa kasi ile, kisha nikaeleza ufa. Tafadhali fanyeni hivyo. Yule mtu bado yuko, anasoma.

Tiba ilikuwa mistari mitatu: kadiria mianzo peke yake, halafu upana uupate kwa kutoa. 6 toa 0 ni 6. 13 toa 6 ni 7. 19 toa 13 ni 6. Safu moja inanenepa kwa pikseli moja, hakuna jicho litakaloona, na ufa hauna pa kukaa.

Nikatuma kwa watunzaji wa zana, nikijua nimemaliza. Mkaguzi wao wa msimbo akauliza swali moja: na jedwali linaloanzia kulia? Nikajaribu kwa Kiarabu. Safu zote zikatoweka. Nilikuwa natoa mwanzo wangu kwenye mwanzo wa safu inayofuata, na inayofuata sasa iko kushoto, kwa hiyo upana ukawa namba hasi. Lilinigusa swali hilo, maana Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kule Pwani, nami sikuwaza hata mara moja kwamba mtu huanza kusoma upande ule. Nikarekebisha, nikaongeza jaribio: kwa asilimia 100, 125, 150 na 175, kushoto na kulia, kila safu iguse jirani yake. Jaribio hilo huendeshwa hata kwenye kompyuta isiyo na skrini, kwa skrini ya kuigiza kama Xvfb.

Kasoro nyingine nitazigusa tu. Dirisha likiganda, mara nyingi kazi ndefu imefanywa kwenye uzi, yaani mfuatano wa kazi, ule ule unaopokea mibonyezo. Mibonyezo inajipanga foleni, karani anabonyeza Hifadhi tena, risiti zinatoka mbili. Programu ikianguka unapofunga kidirisha, angalia kama kitufe kimefutwa kikiwa bado kinashughulikia mbonyezo wake. Qt ina deleteLater, amri ya kufuta baadaye kazi ikiisha, kwa sababu hiyo hasa.

Toleo lenye marekebisho lilipotoka nilirudi Kibuye. Kwanza nilifuta ule msimbo wangu wa rangi nyeupe. Mama akachagua dawa ya kupe, na bluu ikapita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo.

Laptopu hii hapa mbele ina ile mistari 30 na lile toleo lenye ufa, na skrini nimeiweka asilimia 125. Sogeeni karibu, wa nyuma pia. Tutaanza na badiliko la katikati.