Ukungu wa Barovia, Gugumaji la Dunga

ATIENO: Karibuni tena, tuko Kisumu. Leo hatuna mgeni, tuna jumbe zenu. Tuliuliza mnataka Ravenloft ijayo iweje, na mmetujibu kwa moyo wote.

BARASA: Kwa anayejiunga leo, Ravenloft ni ulimwengu wa kutisha wa mchezo wa kuigiza wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Ulianza 1983 kama kisa kimoja cha Tracy na Laura Hickman: ngome, na ndani yake Strahd, mnyonya damu anayetawala Barovia. Mwaka 1990 ukapanuliwa ukawa na himaya nyingi, kila moja na mtawala wake, na mtawala mwenyewe ni mfungwa humo humo.

ATIENO: Na jumbe nyingi zinagusa huo ufungwa. Msikilizaji wa Kakamega ametuma sauti ndefu, anaomba kitu kimoja: kila mtawala mpya tuambiwe kwanza alimkosea nani, ndipo tuelezwe ana nguvu gani.

BARASA: Namuunga mkono kabisa. Chukua Strahd. Alimuua ndugu yake wa damu, Sergei, siku ya harusi, kwa sababu alimtaka bibi harusi, Tatyana. Tatyana akajirusha kutoka ngomeni. Tangu hapo anazaliwa tena na tena, Strahd anamtambua, na kila mara anamkosa. Mwongozaji, yule anayesimulia kisa mezani, akisahau hilo, wachezaji wanabaki wakipigana na adui mwenye meno marefu, basi.

ATIENO: Sasa tuje kwenye ubishi. Zamani himaya nyingi zilipakana, unatoka moja unaingia nyingine. Kitabu cha Ravenloft cha 2021 kikazitenga, kila moja ikawa kisiwa ndani ya Ukungu unaoizunguka. Mimi nataka majirani warudi.

BARASA: Hapo dada tunapishana. Kisiwa kinabana. Huna pa kukimbilia, hujui upande wa pili kuna nini.

ATIENO: Lakini watu wa humo wanaishije? Chumvi wanatoa wapi? Muulize mtu wa Busia, pale mpakani na Uganda, mpaka ni kitu gani. Shangazi yuko ng'ambo, sukari inavuka usiku, askari unamjua kwa jina. Sasa siku moja mpaka ufungwe ukiwa upande usio wako. Hofu hiyo ina uzito kwa sababu jana ulipita hapo hapo na kikapu. Katika sheria za zamani kila mtawala alifunga mpaka kwa namna yake, na Strahd alitumia ukungu unaokaba pumzi. Hebu fikiria himaya ya ziwani ambako mtawala anafunga kwa gugumaji.

BARASA: Kama pale ufuoni Dunga, hapa Kisumu!

ATIENO: Kama Dunga. Umelala maji yakiwa wazi, unaamka ghuba yote ni kijani, mashua imekwama, kasia haliingii. Na upepo ndio unaolisukuma gugu, kwa hiyo wavuvi wanaamka alfajiri kusikiliza upepo. Hapo mwongozaji hahitaji kutaja zimwi lolote.

BARASA: Hilo limenigusa, nakubali majirani wa ziwani. Mimi ombi langu ni lile jaribio la Nguvu za Giza, zile nguvu zisizoonekana zinazowafunga watawala. Mhusika akitenda uovu, mwongozaji alikuwa akirusha dadu za asilimia. Zikimwangukia vibaya, anapewa zawadi na laana kwa pamoja. Mezani kwetu kuna mchezaji aliyemnyonga mateka aliyekwisha kujisalimisha. Akapewa macho yanayoona gizani, na mwanga wa jua ukaanza kumchoma macho hayo hayo. Hakuna aliyemhubiria. Kikao kilichofuata alikuwa anaomba wasafiri usiku, na wenzake wakaanza kumtazama vingine. Akiendelea hivyo, mwisho wake ni kupewa himaya na kufungwa ndani yake. Nataka hilo lirudi likiwa kiini cha mchezo.

ATIENO: Ila tuongee kabla ya kucheza. Kitabu cha 2021 kilitilia mkazo mazungumzo hayo, kila mtu aseme kipi hataki kukutana nacho mezani. Kuna waliotuandikia kwamba yanapunguza hofu. Ndugu zangu, hapana. Sisi tunatoka sehemu ambazo wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, Kisii hasa. Mchezaji wako anaweza kuwa mjukuu wa mmoja wao. Ukimletea bibi mchawi wa kijijini bila kumuuliza, umemuumiza.

BARASA: Na ndiyo kasoro iliyolalamikiwa kuhusu Vistani, wale wasafiri wa Ukungu. Walichorwa kwa kashfa zilizowaandama watu wa jamii ya Romani wa Ulaya, hadi wachapishaji wakaahidi mwaka 2020 kurekebisha. Himaya za kwetu zisizaliwe na ugonjwa huo.

ATIENO: Ndiyo maana mimi siwataki wakimbiaji wa usiku, wale wanaosemwa ni wachawi wanaotisha majirani gizani. Naitaka Simbi Nyaima, lile ziwa la magadi karibu na Kendu Bay. Mnakijua kisa: bibi kizee mgeni anakuja penye sherehe, anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anampokea, na anaambiwa atoke na jamaa zake. Usiku mvua inashuka, kijiji kinazama.

BARASA: Mtawala ni mwenye boma aliyemfukuza. Kila usiku sherehe, kila usiku mgeni mlangoni, na kinywa chake kinatoa jibu lile lile.

ATIENO: Mtawala ni yule mwanamke.

BARASA: Atieno! Yeye ndiye aliyekuwa na utu.

ATIENO: Alikuwa nao. Akaambiwa kijiji kitazama, akawakusanya jamaa zake, akapita nyumba kwa nyumba gizani bila kugonga mlango hata mmoja. Hiyo sehemu ya kutogonga naiongeza mimi, wazee hawaisemi, na ndiyo sababu himaya hii nitaipa jina jingine. Himaya yake sasa ni njia hiyo moja. Anagonga kila mlango, anapaza sauti, na waliomo ndani ngoma zinawazuia kumsikia.

BARASA: Wachezaji wako wapi?

ATIENO: Ndani. Wanacheza ngoma na wenzao. Nataka mmoja wao afanye jaribio la kusikia kwa dadu ya pande ishirini, halafu aamue kama ataacha sherehe akafungue.

BARASA: Namba ya kufikia kwenye dadu isiwe juu, tafadhali. Kumi. Wote wasikie, ubishi uwe ni nani anayeinuka.

ATIENO: Kumi, sawa. Tunaijaribu mezani Jumamosi, na mwenye mtawala mwingine wa himaya hiyo atutumie sauti kabla ya hapo.