Vipimo vya Mche Mstatili: Tangi la Lita 8,000

NEEMA: Karibuni wasikilizaji. Hapa Dodoma, ambako kiangazi ni kirefu na maji ya mvua ni mali, kaya nyingi hujenga matangi ya matofali, na mengi kati ya hayo ni miche mstatili. Mwalimu Yohana, tuanze na umbo lenyewe.

YOHANA: Ahsante, dada Neema. Mche mstatili una nyuso 6, kila uso ukiwa mstatili, na nyuso mbili zinazokabiliana hulingana. Una kona 8 na kingo 12: nne za urefu, nne za upana na nne za kimo. Ukishavijua vipimo hivyo vitatu, mengine yote utayakokotoa.

NEEMA: Ujazo wengi tunaufahamu. Tangi la urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kimo cha mita 1 lina mita za ujazo 8, yaani lita 8,000.

YOHANA: Ni lita 8,000 iwapo vipimo hivyo ni vya ndani, na hapo ndipo ninapopasisitiza sana. Mwenye nyumba akipima kwa nje, huku kila ukuta ukiwa na unene wa sentimita 15, urefu wa ndani unabaki mita 3.7 na upana mita 1.7. Hata kama kina cha maji ni mita 1 kamili, atapata lita 6,290 tu. Zilizopungua ni lita 1,710, zaidi ya ndoo 85 za lita 20.

NEEMA: Hiyo si hasara ndogo kwa familia inayosubiri mvua. Na lipu ya ndani je?

YOHANA: Lipu hufuata eneo la nyuso, na eneo haliamuliwi na ujazo peke yake. Chukua mchemraba wa mita 2 kila upande, ambao nao hubeba lita 8,000. Ukihesabu nyuso zote 6, una mita za mraba 24, ilhali tangi letu la kwanza lina 28. Lakini ukiondoa uso wa juu, kwa kuwa hauna lipu, yote mawili yanabaki na mita za mraba 20 sawasawa.

NEEMA: Kwa hiyo fundi atatumia lipu ileile, lolote litakalochaguliwa?

YOHANA: Ndiyo, ila tofauti imo katika uso ulioondolewa. Mchemraba unaacha mita za mraba 4 za maji juani, na tangi lile refu linaacha 8, hivyo bila mfuniko maji mengi zaidi yatageuka mvuke. Binafsi ningechagua mchemraba, mradi kuta zake ziimarishwe, kwa sababu kina kikiwa mara mbili, shinikizo la maji chini huwa mara mbili pia.

NEEMA: Fundi atajuaje kwamba pembe za msingi ni mraba, yaani za nyuzi 90, kabla ya kupanga matofali?

YOHANA: Apime milalo yote miwili ya sakafu, yaani kutoka kona moja hadi kona inayoikabili. Kwa sakafu ya mita 4 kwa 2, kanuni ya Pythagoras inatoa kipeuo cha pili cha 20, takriban mita 4.47. Pande zinazokabiliana zikilingana na milalo ikalingana, kila pembe ni nyuzi 90. Mlalo mmoja ukizidi, asogeze kamba kabla hajamwaga zege.