Heroe wa Nakuru na korongo taji wa Kitale, nani tumlilie?

CHEBET: Haya watu wetu, karibuni. Leo mimi na Wafula hatuelewani kabisa. Yeye anasema korongo taji ndiye ndege wa kuhangaikiwa huku kwetu, mimi mtu wa Nakuru nasema heroe mdogo, yaani flamingo mdogo.

WAFULA: Dada, hiyo hata si ya kubishania. Korongo taji aliwekwa kwa orodha ya viumbe walio hatarini 2012, heroe wako bado anakaribia tu. Chini ya miaka 50 zaidi ya nusu ya korongo hao wameisha!

CHEBET: Sawa, lakini angalia wanazalia wapi. Karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani wanaangulia Ziwa Natron, pale Tanzania, kila jozi na yai moja juu ya kichuguu cha tope. Kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi hapo, watu wakapinga ukakwama, je ungepita? Na Nakuru ndio usiseme, ziwa limepanda likameza geti kubwa la mbuga, migunga imekaukia majini. Sasa maji yakijaa hivyo chumvi inapungua, spirulina, vile vijidudu vya kijani vya majini, inapotea, na hicho ndicho chakula chake, anainamisha kichwa mpaka mdomo unageuka juu chini, ulimi unasukuma maji harakaharaka anachuja vijidudu hivyo. Akikosa anaenda Ziwa Bogoria.

WAFULA: Si umejijibu, anaenda! Korongo aende wapi? Yeye anajenga kwa kinamasi, anakanyaga matete yanalala, anataga mayai mawili matatu hapo juu, na hicho kinamasi ni shamba la mtu. Mwenyewe akichimba mtaro maji yatoke apande sukuma wiki, kiota kwisha. Vifaranga wanashikwa wauzwe, wakubwa wanawekewa sumu juu ya mbegu za mahindi, wengine wanagonga waya za stima. Hiyo inaniuma sana kwa sababu yote ni sisi.

CHEBET: Na pale kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale?

WAFULA: Eeh, Kipsaina, hapo karibu na Saiwa, kuna kikundi cha wenyeji, tangu miaka ya 1990 wanalinda kinamasi, wanapanda miti, wanafuga nyuki na samaki, mtu anapata kitu bila kukausha maji. Ukifika jioni unaweza kuona korongo wakipanda mtini kulala, na ujue korongo wengi wa aina zingine hawalali juu ya miti.

CHEBET: Basi hapo ndio naona heroe ana shida kubwa zaidi. Wewe unaweza kukaa chini na mkulima mkaongea, mkapatana, abakishe matete kidogo. Mimi hilo ziwa nitaliambia nini lishuke? Na Natron iko nchi nyingine kabisa.

WAFULA: Kuongea na mkulima mwenye karo ya watoto watatu, Chebet, wewe njoo Kitale ujaribu.