Ukiboresha Programu Huria, Unadaiwa na Nani?

Habari za jioni, ndugu zangu.

Hapa Dar nimekutana na watengenezaji programu wengi wanaoikimbia leseni ya GPL, moja ya leseni za programu huria, yaani programu unazoruhusiwa kuzitumia, kuzibadilisha na kuzigawa. Wanaamini ukigusa mstari mmoja tu, lazima uupeleke kwa wenye mradi. Sivyo, na hofu hiyo inatukosesha mengi.

Tuseme umepakua programu ya mauzo yenye GPL, ukaiongezea sehemu ya kusoma miamala ya M-Pesa, ukamuuzia mwenye duka la jumla Kariakoo. Kuuza ruksa, bei panga mwenyewe. Ila huyo mwenye duka ana haki ya kupata msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, pamoja na ulichoongeza, na ya kuubadilisha na kuugawa apendavyo. Anayekudai ni yeye. Mkikorofishana kesho, atatafuta fundi mwingine na duka litaendelea kuuza. Hapo ndipo ninapoipendea leseni hii: inamlinda aliyetoa hela yake.

Ukiitumia ofisini kwako tu, hudaiwi na mtu. Ukiiweka kwenye seva watu waitumie kupitia intaneti, GPL haikugusi. Mwanya huo ulizibwa na AGPL, leseni ndugu ya GPL, ya toleo la 3, mwaka 2007.

Na leseni hizi zina meno. Mwaka 2003 ruta (kifaa cha kusambaza intaneti) ya kampuni ya Linksys, WRT54G, iligundulika inaendeshwa na Linux, mfumo endeshi ulio chini ya GPL. Kampuni ilibanwa, ikatoa msimbo. Humo ndimo ulimozaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, ambao sasa unaendesha ruta za kampuni chungu nzima.

Sasa, kama halazimishwi mtu kupeleka marekebisho kwa wenye mradi, kwa nini nawasihi myarudishe kwao? Tazameni DHIS2, mfumo unaobeba takwimu za afya za nchi yetu. Leseni yake ni BSD, leseni huria iliyo legevu zaidi, haikudai hata msimbo. Lakini ukijifungia na marekebisho yako, kila toleo jipya likitoka yanagongana nalo, unakesha ukiyapachika upya. Yakishapokelewa na mradi, toleo linalofuata linakuja nayo, na kasoro zake zinasakwa na watu wengi. Tumeni, hata kama ni marekebisho ya mistari mitatu.

Ila uliyeajiriwa, soma kwanza mkataba wako. Hakimiliki ya ulichoandika kazini huenda ni ya mwajiri, na ruhusa ya kukitoa ni yake. Iombe kwa maandishi.