Korosho zilizoanzia jikoni kwetu

Shikamooni wazee wangu, dada zangu na vijana habari zenu. Nimeombwa niongelee kampuni yetu, sasa mi nitaanzia jikoni maana ndo ilipozaliwa.

Tulianza na gunia moja la korosho za shamba la mama, Newala. Wengi mnaijua ile ya kuchoma kwenye debe lililotobolewa, mafuta yanawaka, moshi mpaka kwa jirani, halafu unabangua mojamoja. Yale mafuta ya ganda yanaunguza jamani, vidole vyangu vilibabuka nikashindwa hata kusonga ugali, mama ndo akanifundisha kujipaka majivu kabla sijashika. Ukimaliza bado kumenya kile kiganda cha ndani, ukiharakisha inapasuka, na iliyopasuka haina bei ya nzima. Halafu kilo moja ya korosho safi inakula kilo nne hadi tano za ghafi, yaani zenye maganda, kwa hiyo mtu akilalamikia bei namwelewa, ila hesabu ndo hiyo.

Tulikuwa tunauza stendi kwa abiria wa Dar, vifuko tunabana kwa moto wa mshumaa. Siku tumepata oda ya duka, tukafurahi, wiki mbili mzigo wote ukarudi, korosho zimelegea kama zimelowa. Nililia. Kumbe tulikuwa tunafunga zikiwa bado vuguvugu, ule mvuke unabaki ndani. Mafunzo ya SIDO, lile shirika la serikali la viwanda vidogo, ndo yakanifungua macho, sasa zinapoa kabisa, tunafunga kwa mashine, na baadaye tukafuatilia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, maana maduka makubwa bila hiyo hawakusikilizi.

Lakini kinachotubana kweli ni ghafi. Tangu 2007 korosho zinapita stakabadhi ghalani, yaani mkulima anaweka ghalani, anapewa risiti, zinauzwa kwa mnada; mkulima kapata pa kusimamia na mimi naunga mkono kwa moyo wote, kangomba, ile ya walanguzi kununua kwa bei ya kutupa, iliwanyonya sana wazazi wetu. Ila mnada unakuja na tani nyingi kwa mpigo, mbanguaji mdogo anataka magunia yake kumi, na msimu ukianza Oktoba inabidi ununue za mwaka mzima ndani ya miezi michache, hiyo hela unaitoa wapi? Matokeo yake sehemu kubwa bado inaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam, na kazi ya kubangua inaenda nayo. Hilo linaniuma. Sisi tulichofanya, tulichangishana akina mama kumi na mbili kuanzia Aprili, Oktoba ilipofika tukanunua kwa pamoja kupitia chama chetu cha msingi cha ushirika.

Nyie wa Mikindani mlioniuliza namna ya kuchanga, tukitoka hapa tukae pale mwembeni, daftari nimekuja nalo.