Soma Bomba Kabla ya Kuvuta Dawa

Mhadhara uliotolewa kwa wachuuzi wa soko na madereva wa malori, Busia, Uganda

Hamjambo mama zangu, wazee wangu, na nyinyi madereva mlioacha magari kwenye foleni mkaja kukaa nasi. Asanteni sana. Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na ndivyo inavyofaa, maana hapa mpakani Msamia, Mteso, Mganda na jirani wa ng'ambo wote tunauziana nyanya kwa lugha hii.

Mimi ni muuguzi. Nimekaa kliniki ya kisukari miaka mingi, na maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Sista, wamenipeleka kwenye sindano, basi nimekwisha." Sindano yenyewe ni ya insulini, dawa ya kushusha sukari, na mtu anayasema haya huku machozi yanamtoka. Maneno hayo yamezika watu ambao dawa yao ilikuwa tayari iko mezani.

Yanatoka wapi? Mmemwona mjomba ameanza sindano mwezi wa tatu, mwezi wa sita mkamzika. Ila hamkuhesabu miaka minne aliyoikataa hiyo sindano, akinywa mizizi ya kuchemsha. Alipokubali, figo zilishachoka na kidonda cha mguu kilishafika mfupani. Insulini ilikuta nyumba imeshaungua, ikasingiziwa moto.

Nyuma ya tumbo kuna kiungo kinaitwa kongosho, nacho ndicho kinachotengeneza insulini. Ukila posho, matooke au muhogo, chakula hugeuka sukari ndani ya damu, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango iingie mwilini ikupe nguvu. Isipokuwepo, sukari inabaki kwenye damu: unakojoa usiku kucha, kiu haiishi, unakonda na sahani umeimaliza. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mara nyingi mtoto au kijana, kinga ya mwili wake mwenyewe imeharibu chembe zinazotengeneza insulini. Huyo bila sindano haishi. Mwenye aina ya pili bado anayo insulini, ila mwili hauitii vizuri, na miaka ikipita kongosho huchoka, vidonge visitoshe tena. Kuongezewa insulini hapo si adhabu. Ni kurudishiwa kilichopungua.

Mama mmoja aliniuliza mbona isiwe kidonge. Swali zuri sana. Insulini ni protini, kama nyama. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama linavyosaga nyama, isifike kwenye damu.

Na kabla haijapatikana ilikuwaje? Watoto walikufa. Madaktari waliwanyima chakula ili wasogeze siku kidogo tu. Mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best waliipata insulini kutoka kwenye kongosho la mbwa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kuchomwa. Dawa ya mara ya kwanza haikuwa safi, haikumsaidia sana. Siku 12 baadaye wakamchoma iliyosafishwa, sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi. Ukiambiwa sindano inaua, mkumbuke kijana huyo.

Sasa tazameni mkono wangu. Hiki ni kichupa cha insulini ya mchanganyiko, yaani dawa mbili pamoja, ile wengi wenu mnapewa, ya kuchoma asubuhi na jioni. Mnaona? Juu maji angavu, chini unga mweupe umetuama. Ukivuta hivi hivi utapata dawa moja ukaiacha nyingine. Usikitikise kama chupa ya soda. Kilaze kati ya viganja, kizungushe polepole, moja, mbili, mpaka kumi na zaidi, hadi chote kiwe cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Kikibaki na madonge, au unga umeganda ukutani mwa kichupa, hicho kimeharibika. Ile nyingine isiyo na unga inatakiwa iwe angavu kama maji ya mvua. Ikiwa na ukungu, usiitumie.

Hapa kwenye bomba la sindano naomba mnivumilie, maana ndipo roho yangu ilipo.

Kuna baba alikuwa anachomwa yuniti 20 bila shida; yuniti ndicho kipimo cha insulini. Mabomba yakamwishia, mwanawe akanunua mengine duka fulani. Jioni ile akavuta hadi namba 20 kama kawaida. Saa nne usiku wakamleta kwa bodaboda amelowa jasho, hamjui mkewe. Tulimwokoa, Mungu ni mwema. Nilipoomba kuliona bomba, lilikuwa limeandikwa U-40. Kichupa chake ni U-100, yaani kila mililita moja ina yuniti 100. Bomba la U-40 limechorwa kwa dawa nyepesi, yenye yuniti 40 tu kwa mililita. Namba 20 ya bomba lile ni nusu mililita, na nusu mililita ya dawa yake ni yuniti 50. Alijichoma 50 akidhani ni 20, sukari ikashuka kupita kiasi. Hakuna aliyekuwa mlevi, hakuna aliyekuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumwambia asome bomba, na mimi nilikuwa mmoja wa wale ambao hawakumwambia.

Mahali pa kuchoma ni tumboni, vidole viwili mbali na kitovu, au pajani upande wa nje. Finya ngozi, ingiza, sukuma taratibu, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Kila siku sogea. Najua pale palipozoea hapaumi, ndiyo maana mnaparudia, lakini patavimba uvimbe laini, na dawa ikiingia kwenye uvimbe leo itafanya kazi, kesho itagoma. Na ile ya mchanganyiko choma dakika 30 kabla ya kula, chakula kikiwa kinaonekana, si kikiwa bado kwenye ahadi. Siku ambayo chakula hakijapatikana, usikisie kipimo wala usiache kabisa. Mpigie musawo wako, yaani daktari, kwanza.

Madereva, dawa haikai kwenye dashibodi. Jua la saa saba kwenye kioo linaiua, na kwa macho hutajua. Wala usiigandishe kwenye barafu, ikiganda imekwisha. Kichupa kipya kinataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinavumilia wiki nne hivi penye ubaridi. Nyumbani kusiko na umeme, tia chungu kidogo ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa chenye maji, weka kivulini penye upepo. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Bibi zetu walipoza maji ya kunywa kwa chungu. Dawa nayo inapoa hivyo hivyo, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe.

Sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia sukari utatetemeka, utatoka jasho, moyo utaenda mbio, njaa itakushika ghafla, au utakuwa mkali bila sababu. Ukiwa barabarani, egesha hapo hapo. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, pima tena. Isipopanda, rudia. Ikipanda, kula chakula ndipo uendelee. Turniboi wako, yaani utingo, ajue haya kuliko anavyojua tairi. Aliyezimia asimwagiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Jambo jingine dogo, ila limechukua watoto: mgonjwa akipata malaria na kushindwa kula, watu husema "leo hajala, tusimchome." Homa hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Akianza kutapika, akahema kwa nguvu, pumzi ikanukia kama matunda yaliyoiva mno, msingoje asubuhi.

Maswali ya mfungo wa Ramadhani nitayachukua mmoja mmoja, maana kila mtu na kipimo chake.

Sasa kila aliyekuja na bomba lake alitoe. Naanza na safu hii ya mbele. Mama, geuza huku kwenye mwanga, utusomee kwa sauti kilichoandikwa pembeni.